Hema Lisilo na Maiti

Mama mkwe wangu alinisemesha moja kwa moja mara moja tu maishani mwake, na alitumia neno moja. Alikuwa akinipa punje ya mahindi.

Sisemi hivi kwa kulalamika. Kwa watu wa rika lake, mkwe wa kiume huheshimiwa kwa mbali. Hamketi meza moja, hampeani mikono, na mkikutana kwenye njia nyembamba mmoja wenu hukumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nyumbani. Kwa Kimeru mimi ni muthoni wake. Wazee wetu waliimudu desturi hiyo kwa sababu wakwe walikaa ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikaona mambo hayo yamepitwa na wakati, nikajenga kwenye kipande cha ardhi ambacho mke wangu alipewa na baba yake, pembezoni mwa mji wa Meru, karibu sana na jiko la mama yake. Huko kwetu Mikinduri bado wanaulizana kama nilioa au niliolewa.

Yeye hakubadilisha desturi kwa ajili ya ramani yangu. Alizungumza nami kupitia watu wengine, hata nikiwa nimesimama pale pale. "Mwambie muthoni mbuzi wake yuko kwenye kabichi zangu," angemwambia mke wangu, nami nimeshika kamba ya mbuzi. Asipokuwepo mtu mwingine, alimwambia mbuzi: "Wewe, mwambie mwenyewe akufunge vizuri."

Kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na uwanja. Baraza la mji la zamani liliuacha wazi ili pajengwe ukumbi wa jamii, na ukumbi haukujengwa, jambo ambalo naliona kuwa zuri kuliko yote ambayo baraza lile lilitufanyia. Kabla sijaoa, mama mkwe na kundi lake la akina mama walibeba mchanga na kokoto mgongoni, wakausakafia wote. Tangu hapo tukaanika hapo mahindi, maharagwe na fiwi nyeusi tunazoziita njahi. Usidhani mtaa wetu ni wa wakulima watupu. Kuna karani wa benki, kuna walimu, kuna muuza vipuri vya magari. Lakini kila mmoja ana kashamba mahali fulani, kule chini kwenye joto au kwa wazazi, na mavuno yakifika utamkuta karani wa benki amekunja suruali, hana viatu, anaburuta miguu katikati ya mahindi ili kuyageuza. Sakafu haina mistari ya kuonyesha pa nani ni wapi. Sijawahi kusikia ugomvi juu yake, na mtaa wetu hugombana hata juu ya jogoo.

Mwezi wa saba na wa nane kwetu ni baridi. Ukungu hushuka kutoka mlimani na kukaa mpaka karibu adhuhuri. Jua letu ni la mchana na alasiri, basi. Mahindi yakilikosa hilo, hayana jingine.

Na mama mkwe hakuwa mtu wa kufanya mzaha na mahindi mabichi. Dada yake aliolewa upande wa Mbeere. Mwaka mmoja mvua iligoma kukatika, wakavuna mahindi yakiwa na maji, wakayaweka ghalani hivyo hivyo, yakaota kuvu. Waliyachemsha na maharagwe, githeri ya kila siku, wakala kwa kuwa hawakuwa na mengine. Dada akamzika mumewe, kisha akamzika kitinda mimba wake kabla wageni wa msiba wa kwanza hawajaondoka. Redio ilisema ni sumukuvu. Mama mkwe hakulitumia neno hilo hata siku moja. Alisema tu, "Waliuawa na githeri."

Baada ya msiba huo hakuna gunia lililoondoka uwanjani kabla yeye hajauma punje yake. Punje iliyokauka hupasuka kwa mlio, ka. Iliyo na maji hunyamaza na kubaki na alama ya jino. Watu wazima walisimama mbele yake na magunia yao kama wazazi waliopeleka watoto kliniki, na wengine walirudishwa. "Siku mbili zaidi," angesema, na karani wa benki angevua viatu tena.

Basi ploti iliyo upande wa magharibi wa uwanja ikauzwa, na ubao mkubwa ukasimamishwa. Ulionyesha jengo la ghorofa sita lenye vioo vya buluu, na mbele yake wazungu wawili wakitembea na mbwa. Wazungu hao hatukuwahi kuwaona, wala mbwa. Uwanja wetu nao ulikuwemo kwenye picha. Ulikuwa umejaa magari.

Mtaa wetu ulipimwa kwa nyumba zisizozidi ghorofa mbili. Ili mwenye ploti apande mpaka sita na kuufanya uwanja kuwa maegesho, ilibidi bunge la kaunti libadilishe mpango, na hoja hiyo ingeletwa baada ya uchaguzi. Kwa hiyo yeyote ambaye wadi yetu ingempeleka bungeni angekuwa ameshika jua letu mkononi. Mwakilishi aliyekuwepo alitaka kurudi, na alikuwa amekwisha kutangaza kanisani kwamba maendeleo hayazuiliki.

Nilijitosa. Niliandika waraka mrefu wenye tanbihi kuhusu nafasi za pamoja, nikaenda kuusoma kwenye kikao cha kutafuta maoni ya wananchi. Nilisoma kwa hisia. Watu walinisikiliza kwa adabu, kila mmoja na soda yake, na ofisa aliyeongoza kikao akanishukuru akiniita profesa, cheo ambacho sijawahi kukipata na ambacho, nakiri, sikukikanusha. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma ya nguzo ili tusitazamane. Jioni alimwita mke wangu.

"Mwambie muthoni alisema vizuri sana."

Mke wangu akaniambia, nami nimesimama mlangoni.

"Sasa muulize," mama mkwe akaendelea, "alikuwa anasema nini?"

Kundi la akina mama lilikuwa na hema kubwa jeupe lenye pindo la zambarau, ambalo hukodishwa kwa harusi na mazishi. Kampeni zilipopamba moto, asubuhi moja tukalikuta limesimama uwanjani, upande wa magharibi, limefunika karibu nusu ya sakafu. Upande wa ndani lilikuwa limezungushiwa turubai. Chini yake mama mkwe alimwaga mahindi aliyoyapukuchua juzi. Mengine ya shamba lile lile, ya siku ile ile, aliyaanika upande ulioachwa wazi kwa jua. Kisha akaketi katikati ya mafungu hayo mawili, akaanza kuchambua maharagwe.

Kwetu hema likisimama zaidi ya siku moja, kuna mtu amekufa. Kwa hiyo watu walianza kuja. Walikuja na sukari, na maziwa, na nyuso za msiba. Nilikuwa nikisikia kila kitu kutoka kwenye baraza yangu, umbali wa heshima.

"Pole sana, mama. Ni nani ametuacha?"

"Bado hajatuacha. Ni uwanja. Keti unywe chai."

Halafu aliwaonyesha kivuli cha hema, akawaambia kwamba ghorofa sita zitakaa hivyo kila alasiri, ila hazitakunjwa na kurudishwa stoo. Wengine walielewa hapo hapo. Wengine walidhani uzee umemfikia. Muuza vipuri alikasirika kidogo.

"Shosho, yaani nimefunga duka, nimenunua mkate, na hakuna aliyekufa?"

"Mkate uache. Duka kafungue."

Siku ya mkutano wagombea watatu walifika: mwakilishi aliyekuwepo, mama mmoja muuza parachichi wa soko la Gakoromone, na kijana wa miraa aliyeletwa na msafara wa bodaboda mpaka majani ya chai jikoni yakatetemeka. Katika mikutano yetu viongozi huketi hemani na wananchi huketi juani. Hiyo ni heshima, na heshima haikataliwi. Mama mkwe aliwapangia viti vizuri vyenye vitambaa kule ndani kabisa, penye turubai, miguu yao ikigusa mahindi. Upepo wa mlimani ulikuwa ukiingia kwa chini. Sisi huku nje tulikuwa tumevua sweta. Baada ya muda mheshimiwa, yule mwakilishi aliyekuwepo, alianza kukaa juu ya mikono yake, na kijana wa miraa, ambaye koti lake lilikuwa la maonyesho tu, alikuwa anatetemeka waziwazi.

"Naona tusogeze viti kidogo kwa wananchi," mheshimiwa akapendekeza.

"Hapana, mheshimiwa," mama mkwe akamjibu kwa upole. "Wewe ni mgeni wetu. Huwezi kuchomwa na jua."

Mimi ndiye niliyekuwa mshereheshaji, kwa sababu ya ule waraka. Maikrofoni ilikuwa ya kanisa na waya wake ulikuwa mfupi, hivyo ilinibidi nisimame karibu na mama mkwe kuliko nilivyowahi kusimama tangu siku ya harusi. Kila alipopiga hatua, nilirudi nyuma. Watu waliokuwa mbele wanasema nilimaliza utangulizi wangu nikiwa nimeegemea nguzo ya hema kama mtu anayeizuia isianguke.

Wagombea walihutubia. Waliahidi barabara, taa, maji. Walipomaliza, mama mkwe akasimama na nyungo mbili, moja yenye mahindi ya hemani, nyingine yenye mahindi ya juani. Hakuhutubia. Alizipeleka kwa mheshimiwa kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Uma hii, halafu uume hii. Halafu utuambie utapiga kura gani bungeni."

Mheshimiwa hakuwa mjinga. Alijua kwamba akiuma mbele ya watu amejibu. Alicheka, akainua mikono.

"Mama, meno yangu ni ya nyama tu. Mpe huyo mshereheshaji. Ni msomi, atatufanyia utafiti."

Watu walicheka sana, na nilicheka nao, ili nionekane mtu mwema. Kisha kicheko kikaisha ghafla, kwa sababu kila mtu wa pale alijua mimi ni nani kwake, na aliona kwamba mama mkwe amegeuka na anakuja kwangu. Sikuwa na pa kurudi, nguzo ilikuwa mgongoni. Alisimama mbele yangu. Akanyoosha kiganja chenye punje moja, akanitazama usoni. Macho yake ni ya mke wangu. Nilikuwa sijawahi kuyaona vizuri.

"Tafuna," akasema.

Nilichukua punje kutoka kiganjani mwake. Maikrofoni ilikuwa bado mdomoni mwangu, nilikuwa nimeisahau. Ile ya hemani niliiuma na spika hazikusema chochote. Akanipa ya juani. Nikaiuma, na spika za kanisa zikatoa ka! iliyosikika mpaka barabarani, ka mbili kwa kweli, kwa sababu ya pili ilikuwa gego langu likipasuka.

Uwanja mzima ulisema "Eee" kwa kuridhika. Waliona huo ni uthibitisho wa hali ya juu. Mama wa parachichi akaomba punje bila kuulizwa, akauma ile yenye maji, akaitema kiganjani. "Hii hata kuku simpi," akasema, akaketi. Hiyo ndiyo hotuba pekee ninayoikumbuka siku ile. Kijana wa miraa naye akauma zote mbili, labda ili apate joto. Mimi niliufunga mkutano nikiwa na ulimi ndani ya pengo, nikitamka herufi "s" kwa namna ya ajabu.

Uchaguzi ukaja. Kwenye kituo chetu, kura za mama wa parachichi zilikuwa nyingi hata wasimamizi wakatabasamu. Lakini wadi ni kubwa, inapanda mpaka karibu na msitu, na huko juu watu hawakuwa wamekaa hemani wala kusikia jino langu. Mheshimiwa akarudi.

Nilivunjika moyo kisomi. Nilijifungia nikaandika makala yenye uchungu kuhusu demokrasia, ambayo kwa bahati nzuri hakuna aliyekubali kuichapisha. Nilianza hata kuulizia mashamba ya kukodi yenye mahali pa kuanikia. Mke wangu alikwenda kumpa mama yake pole, akamkuta anakaza kamba za hema.

"Mama, si uchaguzi umekwisha? Tulishushe?"

"Mgonjwa bado yuko ndani," mama mkwe akasema.

Hema likabaki. Harusi zilikuja kuliomba, zikaelekezwa kwa kundi jingine. Akina mama wenzake walinung'unika, na wawili walijitoa kabisa, maana hema ndilo lililokuwa likiwalipia watoto karo. Alikwenda nyumbani kwa kila mmoja wa hao wawili. Sijui aliwaambia nini, lakini wiki iliyofuata niliwaona wamerudi, wanachambua maharagwe hemani. Barabara kubwa inapita juu ya mtaa wetu, na kutoka huko uwanja unaonekana wote. Watu waliteremka kuuliza.

"Poleni. Msiba huu ni wa nani?"

"Ni wa uwanja."

"Na mazishi ni lini?"

"Hiyo atasema mheshimiwa."

Sasa, mwanasiasa wa huku kwetu anaweza kuvumilia kutukanwa, kuzomewa, hata kushtakiwa. Jambo asiloweza kulivumilia ni msiba ambao hajafika. Kura za huku hutafutwa kwenye mikutano, lakini hupotezwa makaburini, kwa kiongozi ambaye hakuonekana. Na kila mheshimiwa aliposimama kwenye mazishi ya watu wengine kutoa rambirambi, mzee mmoja au mwingine alimshika mkono akiwa anashuka jukwaani na kumuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na kule kwa uwanja, ulifika?"

Alasiri moja alikuja. Hakuwa na msafara. Alitembea kwa miguu kutoka barabarani, amebeba pakiti ya sukari, na nadhani hakujua aiweke wapi. Mama mkwe aliipokea, akamwonyesha kiti kile kile. Nilikuwa upande wa pili wa uwanja nikijifanya natengeneza banda la mbuzi. Mengine niliambiwa na mke wangu, ambaye alikuwa akimimina chai.

Hawakuzungumza habari za ghorofa. Walizungumza habari za mama yake mheshimiwa, ambaye mama mkwe alimfahamu tangu usichana wao. Kisha mheshimiwa mwenyewe akainama, akaokota punje miguuni pake, akaiuma. Akaitoa, akaitazama. Ilikuwa na alama ya jino, na karibu na kitovu chake palikuwa na ukijani.

"Haya ni ya lini?"

"Ni yale yale uliyokaa nayo siku ya mkutano."

Hapo ndipo mama mkwe alipomwambia habari za dada yake. Mke wangu alikuwa hajawahi kuisikia hadithi hiyo ikisimuliwa mpaka mwisho. Aliniambia kwamba mheshimiwa hakumaliza chai, na kwamba alipoondoka alikuwa ametia punje ile mfukoni mwa koti.

Kuna wanaosema kwamba hoja ilipoletwa bungeni, aliitoa punje na kuiweka mezani. Mimi sikuwepo, na mwandishi aliye ndani yangu anatamani sana iwe kweli, kwa hiyo siwezi kuaminiwa. Ninachojua ni kwamba aliipinga, na wenzake wakamfuata, kwa kuwa mambo ya wadi huachiwa mwenye wadi. Hoja ikaanguka. Mwenye ploti akajenga ghorofa mbili, nyumba nzuri tu, na sasa wapangaji wake wanaanika mahindi nasi. Wazungu na mbwa wao walikaa ubaoni mpaka mvua ikawafuta.

Nimefundisha watu wazima kwa miaka mingi namna ya kushawishi wengine kwa maandishi. Bado nafundisha. Lakini nikifika sehemu ya ushahidi, ulimi wangu huenda wenyewe kwenye lile pengo, na wanafunzi hudhani natafakari.

Siku ya kushusha hema, mtaa mzima ulifika. Mahindi yaliyokuwa ndani hayakufaa hata kwa mifugo, na mama mkwe hakutaka kuku wa mtu yeyote wayaguse. Alichimbisha shimo refu nyuma ya jiko lake. Tukayabeba kwa makarai na kuyafukia, na kwa kuwa watu walikuwa wamekusanyika na hema lilikuwa bado limesimama, mzee mmoja wa kanisa akajikuta anaomba. Muuza vipuri alileta mkate mwingine. "Leo angalau kuna maiti," akasema.

Kisha kamba zikafunguliwa. Hema lilipoondoka, saruji iliyokuwa chini yake ilionekana nyeusi kwa unyevu, umbo lile lile la kivuli. Hakuna aliyeondoka. Tulisimama kandokando tukitazama jua la alasiri likiifanyia kazi, na taratibu ule weusi ukaanza kupauka kutoka pembeni kuelekea katikati.

Mama mkwe alikuwa ameketi na gunia la yale mahindi ya juani, ameugeuzia mgongo upande niliosimama. Aliuma punje moja, akaitikia mlio wake kwa kichwa. Akachagua nyingine, akampa mke wangu.

"Mwambie muthoni aume na hii," akasema. "Mwambie atumie upande ule mwingine."

Mke wangu akanigeukia, akaanza kuniambia. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono.